Stashahada Yangu na Ngazi za Alamut

Kila anayeingia ofisini kwangu Downsview, hapa Toronto, siku hizi huanza kwa kutazama ukuta ulio nyuma ya kiti changu. Anaona msumari mtupu, halafu anauliza. Nimechoka kujibu vipande vipande, na huko kwenye kundi letu la simu vipande hivyo vimeanza kugombana. Mmoja anasema nilimbeba bibi wa watu mgongoni mpaka kileleni. Mwingine anasema nyumbu alinipiga teke. Basi hii hapa safari nzima, mlango hadi mlango, na huo msumari mtaufikia.

Flemingdon Park

Mnanijua, lakini si vibaya kukumbushana. Mimi Selemani, mtoto wa Muheza, nilishuka Toronto na begi moja lenye zipu mbovu. Nilipakua makontena ghalani miaka minne, nikasoma jioni huku wenzangu wakilala, nikapata stashahada ya ukarabati wa majengo ya mawe, wa kwanza darasani. Leo nina kampuni, magari matatu yenye jina langu ubavuni na mafundi kumi na mmoja. Hakuna aliyenishika mkono, isipokuwa Bi Gulshan.

Bi Gulshan ni mama wa Kiismaili, mzaliwa wa Tanga, ana miaka sabini na tisa. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Muheza, na mama yangu alinunua khanga pale. Nilipofika hapa sina pa kwenda, alinipa chumba katika fleti yake ya Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na nne, dirisha linatazama bonde la mto Don. Alinipikia muhogo wa nazi. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu, ambao ukiwaagiza chumvi wanaleta chumvi, ila wanakujibu kwa Kiingereza.

Kule dukani baba yake alikuwa amebandika picha iliyokatwa gazetini, juu ya meza ya kupimia vitambaa. Ilikuwa ngome ya Alamut, katika milima ya Iran, walikokaa viongozi wa madhehebu yao karne nyingi zilizopita, kabla Wamongolia hawajaibomoa. Mzee alikuwa akisema kila mwaka atakwenda. Alikufa hajaenda. Picha akairithi binti, na hamu ikaja pamoja nayo.

Siku ya kuzaliwa kwake tulikuwa tumejaa sebuleni, sahani magotini, akaitoa ile picha.

"Nataka nisimame pale juu," akasema. "Mara moja tu. Magoti yangu yananipa mwaka mmoja, hayanipi miwili."

Mwanawe, daktari wa meno, akaanza kuhesabu hatari. Mimi sikuweza kukaa. Mnanijua, mimi sikai. Nikasimama na sahani yangu.

"Mimi nitakufikisha juu kabisa, Bi Gulshan. Nisipokufikisha, ile stashahada yangu naishusha ukutani, naileta hapa uweke sufuria la moto juu yake."

Otieno, fundi wetu wa umeme kutoka Kisumu, alikuwa anatafuna sambusa. "Buda," akasema, "umebeba matofali mpaka unadhani wamama ni matofali."

Watu wakacheka. Bi Gulshan hakucheka. Alinitazama juu ya miwani yake kama anayepima kitambaa.

"Nimesikia, Injinia," akasema. "Na hawa wote wamesikia."

Istanbul, siku iliyopotea

Mpango ulikuwa siku mbili za ngome. Siku ya kwanza angepumzika kijijini na kuitazama kwa chini, siku ya pili tungepanda. Mpango huo niliuchora mwenyewe, kwa rangi tatu.

Istanbul ikaukata katikati. Ndege yetu ya kuunganisha ilikuwa na hitilafu, wakatuambia saa moja, kisha saa tatu, kisha wakaacha kutaja saa kabisa. Nilitembea ule uwanja wa ndege kutoka mwisho hadi mwisho mara sita. Nilikagua vigae vya sakafu. Nilimwendea yule dada wa kaunta mara nyingi hadi akawa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Bi Gulshan alikaa. Alitoa kwenye mkoba wake chevda, ule mchanganyiko wa dengu na viazi vya kukaanga, akamkaribisha bibi mmoja wa Kituruki aliyekuwa jirani. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Nilipozungukia kwao mara ya nne walikuwa wanaonyeshana makovu ya magoti.

"Kaa, Selemani. Unamchosha huyu mama."

"Tunapoteza siku, Bi Gulshan."

"Imeshapotea. Ukitembea hairudi. Kula dengu."

Tuliondoka baada ya saa kumi na tisa. Ile siku ya mapumziko ikawa imeliwa, na ndege ya kurudi haikumsubiri mtu. Ikabaki siku moja tu, na siku yenyewe nusu, kwa sababu saa nane mchana lazima tungekuwa ndani ya gari kurudi Tehran.

Kutoka Tehran kupanda milimani

Tulipokewa na mwongoza wageni, kijana mpole aitwaye Farhad, mwenye gari jeupe na Kiingereza kizuri kuliko cha mafundi wangu. Tulipita mji wa Kazvin, tukala wali na nyama yenye ndimu kavu, ambayo Bi Gulshan alisema imekosa pilipili, akatoa ya kwake mkobani. Mpishi akatoka jikoni kuangalia ni nini hicho. Akaonja. Akarudi jikoni na hatukumwona tena.

Baada ya hapo barabara ikaanza kujikunja. Kona, bonde, kona, kondoo. Kondoo walitusimamisha dakika arobaini, wamelala barabarani kama wamepanga. Niliteremka nikawapigia makofi. Mchungaji akafikiri nawapongeza, naye akanipigia makofi.

Farhad alikuwa ameshapanga kila kitu: kesho yake saa mbili asubuhi nyumbu mmoja mtulivu angekuwa chini ya mwamba, na watu wawili wa kumshika kushoto na kulia. Nyumbu angempandisha Bi Gulshan mpaka karibu na mlango wa ngome, kisha ngazi chache za mwisho angetembea akinishika mkono. Nilimwambia mpango wake si mbaya. Kwangu hiyo ni sifa kubwa.

Kijiji chini ya mwamba

Hapa ndipo nilipoharibu, na nitasema kama ilivyokuwa.

Tulifika jua linaelekea kuzama. Tulifikia kwa bwana mmoja aitwaye Aga Rahman, mwenye vyumba vitatu vya wageni na shamba la matunda ya cheri. Amewahi kufanya kazi hotelini Tehran, kwa hiyo ana Kiingereza cha kumtosha. Farhad alikuwa amekwenda kuegesha gari. Aga Rahman alituwekea chai, akaweka mkono kifuani, akasema nyumba hii ni yenu. Kisha akamwona Bi Gulshan anavyokaa, goti moja kwanza, jingine kwa maombi, akauliza kesho atapandaje. Nikamwambia tumekodi nyumbu.

"Kwa nini mkodi?" akasema. "Mimi nina nyumbu. Nyumbu wangu ni wenu. Mchukueni."

Sasa nyinyi niambieni. Mtu wa Muheza akikaribishwa hufanya nini? Hunawa mikono. Kwetu mtu akikwambia karibu chakula, ukisema hapana umemtukana, umesema chakula chake kina kasoro. Mimi nililelewa vizuri. Nikasimama, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Asante sana, Aga Rahman. Tunapokea."

Alisita kidogo. Niliona kule kusita, sitadanganya, nikadhani ni furaha. Kisha akatabasamu, akainama, akaondoka.

Farhad aliporudi nikamwambia afute yule nyumbu wa kukodi.

"Amekupa?" akauliza. "Ulikataa mara ngapi?"

"Nikatae kitu kizuri kwa nini?"

"Bwana Selemani, huku kuna desturi, tunaiita taarofu. Mtu anakupa kwa heshima, wewe unakataa. Anakupa tena, unakataa. Akikupa mara ya tatu, hapo labda anakupa kweli. Akikupa mara moja tu, ni maneno matamu. Na wewe ukisema asante napokea, anajua ni maneno matamu ya kumrudishia."

"Sikiliza, kijana. Mimi naongoza watu kumi na mmoja. Mtu anayesema kweli namjua machoni."

"Nimuulize tu, kwa adabu."

"Ukimuuliza utamwaibisha. Futa."

Bi Gulshan alikuwa anapuliza chai yake kwenye kisahani. "Selemani," akasema, "mwache kijana aulize."

"Bi Gulshan, niliahidi mimi, si Farhad."

Farhad akapiga simu, akafuta.

Ngazi

Saa mbili asubuhi niko uani, nimefunga kamba za viatu mara tatu. Bi Gulshan amevaa mtandio wa njano na raba nyeupe za mjukuu wake. Zizi liko wazi. Ndani kuna majani na hakuna nyumbu.

Mke wa Aga Rahman alikuja mbio akifuta mikono. Farhad akamsikiliza, akageuka taratibu kama mtu anayetaka kuchelewesha habari. Aga Rahman alikuwa ametoka alfajiri na nyumbu kwenda shamba la mbali kuvuna cheri, kwa sababu zikilala siku moja zaidi ndege wanazimaliza. Huko simu haishiki. Na yule wa kukodi? Alikwisha kuchukuliwa na familia iliyotoka Tehran, asingerudi kabla ya mchana.

Hakuna aliyenilaumu. Ningependa wangenilaumu. Mke wa Aga Rahman alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, akidhani kosa ni lao, na Farhad alikuwa anasoma simu yake isiyo na kitu.

"Ngazi zinaanzia wapi?" akauliza Bi Gulshan.

Ukiutazama mwamba ule kutoka chini unaona kwa nini watu wa zamani waliuchagua. Umesimama peke yake, pande zote zimekatika, na ngazi zinauzunguka kama kamba kwenye pia. Ni mamia. Sikuzihesabu zote, ila za Bi Gulshan nilizihesabu, kwa sababu alikuwa anazitaja kwa sauti, kwa Kigujarati, kila moja kama anamkemea mtoto.

Arobaini za kwanza alipanda vizuri. Themanini, akakaa. Tukampa maji. Wageni walikuwa wanatupita, vijana wenye muziki, akina mama wenye vyungu vya chakula, kila mmoja anaweka mkono kifuani na kumpa kitu: tofaa, peremende, kitambaa cha kujipepea. Yeye alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, akachukua mara ya tatu. Alikuwa amesikiliza. Mimi nilikuwa natazama saa.

Ngazi ya mia moja na kumi goti la kushoto likagoma.

"Panda mgongoni," nikasema.

"Wee Selemani."

"Panda, Bi Gulshan. Nimebeba mifuko ya saruji ghorofa ya tisa lifti imekufa."

Akapanda. Farhad akamshika kwa nyuma. Hapa ndipo uvumi wa kileleni unapotokea, na aliyeuanzisha ni mimi mwenyewe, kwa ujumbe niliotuma usiku ule kabla sijaona haya. Ukweli ni ngazi thelathini na mbili. Mfuko wa saruji haupumui sikioni mwako wala haukuombei dua. Ngazi ya thelathini mgongo wangu ulisema kitu, ya thelathini na mbili ukakirudia, na miguu ikaanza kucheza yenyewe ukingoni mwa bonde ambalo sitaki kulieleza.

"Niteremshe," akasema. "Unanguruma kama pikipiki. Tutakufa wote na Otieno atacheka."

Nikamteremsha penye kona ya njia, palipo na benchi la jiwe. Ilikuwa saa tano na nusu. Juu yetu ngazi ziliendelea, nyingi kuliko tulizopanda. Nikasema tupumzike robo saa, kisha tujaribu tena, kisha nikasema Farhad ashuke atafute machela, kisha nikasema tubadilishe ndege. Nilikuwa nasema huku natembea, hatua nne huku, hatua nne kule, maana benchi halikuacha nafasi zaidi.

"Selemani. Simama."

Nikasimama.

"Mimi sipandi tena. Nimejua tangu ngazi ya tisini. Nenda wewe. Tazama kila kitu, halafu uje uniambie." Akanyoosha kidole. "Lakini usinitilie chumvi. Nakujua miaka ishirini. Ukiongeza jiwe moja nitajua."

Juu

Nilipanda peke yangu haraka, na sikufurahia hata ngazi moja.

Nilitegemea minara. Niwe mkweli, nilitegemea kitu cha kurudi nacho, kitu ambacho hata kwa chumvi ya kawaida kingejaza sebule. Juu kuna upepo. Kuna viunzi vya chuma vya mafundi, na mabati yaliyowekwa kukinga mvua. Kuna kuta zinazokufika kiunoni, nyingine magotini. Watu walikuwa wanapiga picha wakitazama nje, milima na mashamba, kwa sababu ndani hakuna cha kupiga.

Nilianza kutembea kama kawaida yangu. Kisha nikakumbuka nitaulizwa. Basi nikapunguza mwendo, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Toronto. Nilipima vyumba kwa hatua. Nilishika kila pembe. Upande mmoja nikakuta hodhi lililochongwa ndani ya mwamba wenyewe, na ndani yake kuna maji, ya kijani, yametulia, hayajui kama ngome imevunjwa. Nilipiga magoti nikapitisha kidole kwenye maungio ya ukuta ulio karibu. Mnanijua: nimekagua kuta za Toronto, hata za majengo yale yanayochapwa kwenye kadi za watalii, na sijawahi kukosa la kusema. Pale nilitafuta kosa la fundi, nikalikosa.

Nikaenda ukingoni. Chini kabisa, kwenye kona, niliona doa la njano. Halikutikisika.

Nilishuka nikahema mbele yake, akaningoja nimalize kuhema.

"Haya."

"Ngome haipo, Bi Gulshan."

"Haipo?"

"Kuta zinafika hapa," nikagusa kiuno. "Chumba kikubwa nilichokiona kina hatua tisa kwa sita. Kuna mabati. Kuna hodhi limechongwa mwambani, lina maji."

"Mengi?"

"Sikuona chini. Ya kijani. Yana majani."

"Uliyaonja?"

"Hapana."

"Afadhali. Ungeonja ungeniambia ni asali. Na ukuta? Wewe fundi, ukuta ukoje?"

"Sikuona kosa."

Akanitazama juu ya miwani, kwa muda mrefu, akitafuta lile jiwe la nyongeza. Hakuliona. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile picha ya gazeti ya baba yake, imekuwa laini kama kitambaa, akainyanyua mbele ya uso wake. Akaishusha. Akainyanyua tena, akaisogeza kidogo kushoto.

"Selemani," akasema, "hebu sogea. Unanizibia."

Nikasogea. Nikaja nyuma ya bega lake nikatazama. Ule ufa mkubwa wa mwamba, lile bega la jiwe, ile mistari ya ngazi juu. Aliyepiga ile picha alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili tatu kutoka kwenye lile benchi.

Farhad alitazama saa yake, mimi sikutazama yangu.

Kushuka, na kurudi

Tulipokuwa tunamshusha, ngazi moja moja, tulimwona Aga Rahman anapanda mbio, amemvuta nyumbu nyuma, vikapu vya cheri bado viko ubavuni. Mkewe alikuwa amemfuata shambani. Uso wake sitausahau. Akainama mbele ya Bi Gulshan, akaanza kuomba radhi kwa Kiajemi, nami nikaanza kumwomba radhi yeye, Farhad akitafsiri pande zote mbili mpaka akachanganyikiwa akawa ananitafsiria Kiingereza changu mwenyewe.

"Nyumbu huyu ni wako, mama," akasema Aga Rahman. "Mchukue kabisa."

"Hapana, baba, asante," akasema Bi Gulshan.

"Mchukue."

"Hapana."

"Basi angalau akushushe."

"Hapo sawa," akasema, akapandishwa, na nyumbu hakumpiga mtu teke. Alishuka mlima akila cheri na kutema kokwa bondeni kwa mpigo mzuri.

Safari ya kurudi haina la kusimulia, ila kwamba ndege ziliondoka kwa wakati, sasa kwa kuwa hatukuwa na haraka.

Jumatatu yake niliingia ofisini kabla ya mafundi. Nikaishusha stashahada ukutani, nikaifunga kwenye taulo, nikapanda basi la Don Mills kwa sababu sikutaka kuegesha gari lenye jina langu kwa shughuli ile. Bi Gulshan alifungua mlango, akaona umbo la fremu, akajua.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Niliahidi mbele ya watu. Sikukufikisha."

Nikaiweka juu ya meza ya jikoni, kioo juu. Aliisoma yote, jina langu, fani, muhuri. Kisha akanisukumia.

"Chukua karatasi yako, Injinia. Uliitolea jasho."

Moyo uliruka. Lakini sasa mimi ni mtu aliyesafiri, mwenye adabu za kimataifa. Nikaweka mkono kifuani.

"Hapana, Bi Gulshan."

"Chukua, baba. Ukuta wako utakuwa mtupu."

"Hapana, Bi Gulshan," nikasema, nikangoja ya tatu.

Birika lilikuwa linapiga mluzi. Akainuka, goti moja kwanza. Akachukua kitambaa cha maua, akakitandika juu ya kioo, akakinyoosha pembe zote nne, akaweka birika la moto katikati.

"Bi Gulshan," nikasema, "hukuniuliza mara ya tatu."

"Mimi si wa Kazvin, Selemani. Mimi wa Tanga. Mtu akikataa mara mbili hatumsumbui." Akanisogezea kikombe. "Kaa chini. Nieleze tena lile hodhi."

Nikakaa.